Mbu wa Nyumba ya Nne

Siku hiyo dereva hakupiga honi. Kwa kawaida gari la kituo cha utafiti wa malaria likifika kwenye kona lilipiga honi mara tatu, watoto wa mtaa wakalikimbilia kuligusa milango, na yeye akawatukana kwa mapenzi. Safari hii alizima injini mbali, akaja kwa miguu, funguo amezibana kiganjani zisilie.

Baba Mashuka alikuwa uani anafua. Jina hilo alipewa na watoto wa mtaa kwa sababu ya mashuka meupe ya kazini kwake. Mara moja kila mwezi, alfajiri, aliingia nyumba kumi na mbili za mtaa ule, akatandika mashuka sakafuni ukuta hadi ukuta, akafunga madirisha, akapuliza dawa, akatoka nje kungoja dakika kumi pamoja na wenye nyumba wanaopiga miayo. Kisha alirudi ndani na kupiga magoti kuokota mbu walioanguka. Mmoja mmoja, kwa kibanio, hadi kwenye kichupa. Kila nyumba na kichupa chake, kila kichupa na namba yake. Wanawake wa mtaa walikuwa wakimtania kwamba anamiliki mashuka kuliko hoteli, na kitandani kwake halipo hata moja lisilo na kiraka.

"Shemeji," dereva alisema.

"Karibu, shemeji."

"Dada yupo?"

"Kalala. Karudi saa mbili."

Dada mwenyewe alifanya kazi usiku kwenye kiwanda cha mikate, kufunga mikate kwenye mifuko. Mchana alilala na kitambaa usoni. Dereva akageuza ndoo, akaikalia. Yeye ndiye kaka mkubwa wa mke, na ndiye aliyempeleka Baba Mashuka kituoni miaka sita nyuma na kumdhamini kwa maneno yake mwenyewe, kwamba huyu mtu ukimwachia nyumba ya watu wazi hata kijiko hakisogei. Aliongea akiangalia povu kwenye beseni. Daktari anamtaka leo, sasa hivi. Halafu Alhamisi kuna kikao, na hapo anatakiwa yeye pamoja na mama wa mtoto.

"Mtoto yupi?" Baba Mashuka aliuliza.

Dereva akainua macho. "Una mtoto mwingine?"

Hakuwa naye. Walikuwa na mmoja tu, wa miaka mitano, wakimwita Kiherehere kwa sababu hakuna mgeni aliyeingia mtaani bila yeye kujua ametoka wapi na amebeba nini. Walimzika miezi minne iliyopita. Homa ilimkamata alfajiri ya siku ya kuokota mbu, na kesho yake jioni ikawa imemmaliza.

Tangu hapo ndani ya nyumba ile mke alikuwa akiongea na vitu. "Maji yameisha," aliliambia sufuria, na mume akajua kwamba ni yeye aende bombani. "Mlango haujafungwa," aliuambia ukuta. Maneno ya kumwambia yeye mwenyewe, uso kwa uso, aliyasema mara moja tu, siku waliyotoka makaburini, mbele ya watu waliokuwa wamebeba viti vya kukodi. Alimwambia kwamba alimfungia mwanawe mlango akiwa anaungua, akaenda kuzunguka nyumba za watu kuokota mbu. Watu waliweka viti chini taratibu, kana kwamba viti ndivyo vilivyokuwa vimelala.

Hata jina la mama lilipotea. Zamani mtaa mzima ulimwita Mama Kiherehere. Sasa mwenye duka akimwona anakuja alikuwa na kazi kubwa ya kupanga sabuni, hadi yeye mwenyewe aseme anataka nini, ili asilazimike kumwita chochote.

*

Getini kituoni, mlinzi alimpa Baba Mashuka daftari la wageni.

"Mimi?" aliuliza, akicheka kidogo. Miaka sita alipita pale na sanduku lake la vichupa, mlinzi akimfungulia kwa mguu bila hata kusimama.

"Nimeambiwa uandike," mlinzi alisema, na hakumwangalia.

Akaandika. Kwenye safu ya *anakotoka* kalamu ilisita, mwishoni akaandika *hapa hapa*.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alizoea kumwita Baba Mashuka mwalimu, kwa sababu kila mwaka vijana wapya wa chuo walipokuja ni yeye aliyewafundisha kushika mbu kwa bawa bila kumvunja mguu. Leo alimwita bwana.

Alimuuliza kwanza kama anajua wanafanya nini na wale mbu baada ya yeye kukabidhi sanduku. Baba Mashuka akajibu kwamba anajua, wanawaangalia kwenye hadubini, miguu na mabawa, wanajua ni aina gani. Hata yeye mwenyewe kwa macho yake anaweza kusema huyu ni wa malaria na huyu ni wa kelele tu.

"Huyo wa malaria ni yupi?" daktari aliuliza.

"Yule anayekaa makalio juu."

"Makalio juu wako wengi." Daktari hakutabasamu. Alimweleza polepole, kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Mtaani kwao wale wa makalio juu wako wa aina tatu. Ni ndugu wa karibu mno, wamefanana mabawa, wamefanana miguu, hadubini haiwatenganishi, yeye daktari mwenyewe amewaangalia miaka ishirini na hawezi. Lakini tabia zao mbali. Mmoja anaingia ndani, anamnyonya mtu, analala ukutani humo humo. Mwingine anauma nje barazani watu wakiota upepo, hata hajui ukuta wako ukoje. Wa tatu anapenda ng'ombe, mtu kwake ni bahati mbaya. Kuwajua lazima usome vinasaba vyao, ile chapa iliyo ndani ya mwili ambayo mtoto anarithi kwa baba na mama.

"Na si aina tu," alisema. "Hata ndani ya aina moja hawalingani. Wewe na jirani yako nyote ni watu, lakini damu zenu zina ukoo tofauti. Mbu nao hivyo hivyo. Nikichukua mbu wa nyumba kumi na mbili nategemea kukuta mchanganyiko, koo nyingi, wageni kwa wenyeji. Mtaa wenu siku zote ni hivyo. Ni mtaa wenye mbu wa kila namna."

Akageuza karatasi, akaisukuma mezani. Palikuwa na nukta za rangi zimetawanyika kama mchele uliomwagika. Katikati palikuwa na kirundo kimoja cha nukta nyekundu, zimebanana.

"Hawa wekundu ni mwezi mmoja tu. Vichupa vyote kumi na mbili. Aina moja. Ukoo mmoja. Nusu yao ni dada kabisa, wa tumbo moja, wametoka kwenye dimbwi moja. Nieleze mbu wa tumbo moja waliamuaje kwenda kulala kwenye nyumba kumi na mbili, dada huyu kule, dada yule huku, na mgeni hata mmoja asiwemo."

Baba Mashuka aliangalia kile kirundo chekundu. Alijua mwezi bila kuambiwa.

Daktari alikuwa na mengine. Kwa sababu ya vichupa vile, walihesabu kwamba mtaa mzima una mbu wa ndani peke yake, na miezi mitatu sasa wamepuliza dawa ukutani na hawakugawa chochote cha barazani. Kumbe nyumba za chini kule bondeni wanaumwa nje kila jioni. Alisema hayo kwa hasira ya mtu aliyekuwa akijisifia kazi. Kisha akavua miwani, na sauti yake ikawa ya chini.

"Nikasema labda vichupa vilichanganyika hapa kwetu. Nikataka kuhakikisha, nikapima damu iliyokuwa matumboni mwao. Thelathini na mmoja walikuwa wameshiba. Wote thelathini na mmoja, damu ya mtu mmoja. Wa kike. Na damu hiyo niliiona mwezi wa nyuma yake pia, kidogo, kwenye kichupa cha nyumba ya nne. Nyumba ya nne ni kwako. Dereva ananiambia ulikuwa na binti."

"Nilikuwa naye."

"Bwana, kuna watu hapa wanasema ulimlaza mtoto bila chandarua ili ujaze vichupa. Sijasema mimi. Lakini nimeulizwa, na sina jibu. Alhamisi utawajibu wewe, mbele ya mama yake, maana damu ya mtoto ni haki ya mama kuambiwa."

Baba Mashuka akaomba ruhusa ya kwenda kumalizia kufua, kwa sababu mashuka yakikaa kwenye sabuni yanageuka rangi ya njano, na ni mali ya kituo.

*

Jumanne na Jumatano alikuwa na nafasi ya kumwambia mke wake, na kila mara alipata kisingizio. Amelala. Anakula. Anachelewa kazini. Kwa hiyo aliyemwambia ni kaka yake, Jumatano alasiri, wakiwa wameketi jikoni na mfuko wa mikate iliyobondeka ambayo kiwanda huwagawia wafanyakazi.

Dereva alieleza kama alivyosikia kwenye korido. Hakuongeza, ila hakujua kupunguza. Alisema kuna neno limetumika, chambo. Kwamba mtoto aliwekwa kama chambo.

Dada yake aliendelea kukata mkate. Alikata vipande vingi kuliko watu waliokuwepo, akavipanga mstari ukingoni mwa meza.

"Kaka," alisema mwishoni, "wewe ndiye uliyenipigia simu siku ile. Nipo kwenye geti la kiwanda. Ukaniambia mume wangu kakabidhi sanduku saa mbili kamili, nyumba zote kumi na mbili, mchapakazi, tena mtoto anaumwa na hakuacha kazi. Ulikuwa unamsifia."

"Nilikuwa namsifia, ndiyo."

"Mimi nikapiga hesabu. Nyumba kumi na mbili ni kazi ya saa tatu nzima. Miezi minne naishi na hizo saa tatu. Namwona mwanangu amefungiwa, anaita, hakuna mtu." Aliweka kisu chini. "Sasa mnaniambia hakwenda popote. Alikuwa naye humo ndani, anamlisha mbu."

"Ndivyo wanavyosema."

"Kama ni kweli, usinirudishe naye kwenye gari moja. Nitajua pa kwenda."

Baba Mashuka alikuwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta ule ulikuwa ni wa mbao. Alisikia yote. Alisikia hata kisu kilivyowekwa.

*

Alhamisi mama alivaa gauni lile lile la mazishi, kwa sababu hakuwa na lingine la kukaa mbele ya watu wakubwa. Kwenye gari alikaa mbele na kaka yake. Baba Mashuka alikaa nyuma, kati ya ndoo na mitego, mahali pake pa siku zote.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Alisoma karatasi, akapenga kamasi, akaomba radhi, akaendelea kusoma. Alipofika kwenye neno *chambo* aliliruka, macho yakalirudia, akalisoma kwa sauti ndogo. Daktari alikaa pembeni na faili. Dereva alisimama mlangoni kama mdhamini, kofia mkononi.

Mkuu alisema kwamba kazini ameshaachishwa, hilo halina mjadala, vichupa vya uongo ni vichupa vya uongo. Linalobaki ni moja. Kama mtoto alitumiwa, jambo linatoka mikononi mwao na kwenda polisi.

"Mzee, una la kusema?"

Baba Mashuka aliangalia meza. Alianza kwa kueleza saa, maana saa ndizo alizokuwa amezishika. Kwamba aliamka saa kumi na moja kasoro, akafunga mashuka yake, akamgusa mtoto kumuaga, akamkuta amewaka. Kwamba zahanati inafunguliwa saa mbili. Kwamba sanduku linachukuliwa barabarani saa mbili. Alikuwa amevaa viatu. Mtoto akamwambia usiende.

"Alisemaje?" mama aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza ndani ya miezi minne kumuuliza kitu yeye, si ukuta.

"Alisema, *baba, leo usiende kwa watu, kaa na mbu wa kwetu.*"

Mafua ya mkuu yalisikika.

"Nikavua viatu," Baba Mashuka alisema. "Nikaona siwezi kumwacha. Nikaona pia siwezi kukabidhi sanduku tupu, shemeji kanidhamini. Sikupuliza dawa, mgonjwa yumo. Nikachukua mrija, ule wa kunyonyea kwa mdomo, nikaanza kuwatoa ukutani. Yeye kalala ananionyesha. Walikuwa wengi, mvua zilikuwa zimeanza, na nyuma ya nyumba kuna shimo watu walikochimba udongo, lilikuwa limejaa maji. Wengine walikuwa ndani ya chandarua. Chandarua chetu kilikuwa na tundu. Alikuwa anapitisha kidole, anacheza. Nilimwambia nitakishona. Mimi, ambaye kila mwezi naingia nyumba za watu, nawaambia chandarua chako kina tundu, mama, kishone."

Daktari aliinamisha kichwa kwenye faili lake, lakini hakuwa akisoma.

"Hakuwekwa chambo. Walikuwa wameshamuuma usiku kucha, mimi nimelala pembeni. Asubuhi niliwaokota tu. Nikawagawa kwenye vichupa kumi na viwili, nikaandika namba. Saa mbili kasorobo nikambeba mgongoni, nikapita barabarani nikampa shemeji sanduku, nikaenda zahanati. Nilidhani nimefanya yote mawili."

"Hospitali kubwa haifungwi," mama alisema.

"Haifungwi."

"Kwa miguu ni mwendo wa saa moja."

"Saa moja, ndiyo. Ningetoka saa kumi na moja, saa kumi na mbili ningekuwa getini." Alisema hivyo bila kujitetea, kama mtu ambaye amekwisha kuitembea njia hiyo mara nyingi kichwani na anajua kila kona. "Hiyo ndiyo naijua. Hiyo huna haja ya kuniambia."

Mama alimgeukia sasa mwili mzima. "Na miezi minne unaniacha nadhani alikuwa peke yake."

"Ulipofika zahanati ulikuwa umeshaambiwa nimekwenda nyumba zote. Ningesema sikwenda, kaka yako angejua, na kituo kingejua. Nikasema nitakwambia jioni, akipata nafuu." Aliufuta mdomo kwa kiganja. "Halafu hakupata. Baada ya hapo nikaona unavyonichukia ni sawa tu. Sikuona tofauti. Kumwacha, au kukaa naye nikajaza vichupa."

"Huoni tofauti."

"Sikuiona."

"Mimi nimemsikia miezi minne akigonga mlango," mama alisema. "Kila siku, nikilala tu mchana, anagonga. Na hakugonga. Sijui kama nikuchukie zaidi au nikuchukie kidogo. Ungeniacha nijichagulie."

Dereva alitoka nje. Walimsikia akitembea kwenye kokoto, kwenda na kurudi.

Mkuu alimuuliza mama, kwa heshima, kama anaamini maneno ya mumewe, maana maandishi yanahitaji kauli yake. Mama alimuuliza daktari swali kwanza: je, ile karatasi yake inaweza kusema mbu walimuuma mtoto saa ngapi. Daktari akasema karatasi haiwezi kusema hilo. Inaweza kusema tu kwamba ni mbu wa nyumba moja, na kwamba damu ni ya mtu mmoja.

"Basi andikeni naamini," mama alisema. "*Kaa na mbu wa kwetu.* Huyo ni yeye. Huyu baba yake hana akili ya kutunga maneno kama hayo."

*

Palibaki kazi moja. Vichupa vile bado vilikuwa kwenye friza la maabara, na lebo zake zilisema uongo. Utaratibu wa kituo ni kwamba lebo haifutwi wala haibanduliwi. Aliyeikosea mwenyewe anapiga mstari mmoja juu ya kosa, ili kosa liendelee kusomeka, anaandika sahihi pembeni, anatia saini. Baba Mashuka ndiye aliyewafundisha vijana wa chuo utaratibu huo. Sasa daktari alimwekea kiti, kalamu ya wino usiotoka, na sinia la vichupa kumi na viwili vinavyotoa moshi wa baridi.

Alimwambia mama kwamba anaweza kungoja nje. Mama akasema atasimama hapa.

Ndani ya vichupa hamkuwa na cha kuona. Miguu ilikwisha kusagwa kwa ajili ya vipimo. Vilibaki vipande vya mabawa, na chini kabisa, kama masalia ya chai kikombeni, doa la kahawia. Mama aliliangalia lile doa kwa muda mrefu. Hakuuliza ni nini.

Mstari wa kwanza wa Baba Mashuka ulikwenda kombo. Namba zilikuwa ndogo na ukungu wa baridi ulizifunika. Mama akachukua kichupa cha pili, akakipangusa kwa kidole, akamsomea.

"Nyumba ya kwanza."

Akapiga mstari. Akaandika *nne*. Akatia saini.

"Nyumba ya tisa."

Mstari. Nne. Saini.

Walikwenda hivyo, yeye akisoma, mume akiandika, bila kuangaliana. Waliwahi kufanya kazi pamoja namna hiyo zamani, wakipaka rangi chumba kabla mtoto hajazaliwa.

"Alikuwa anakuonyeshaje?" mama aliuliza, kichupa cha saba kikiwa mkononi.

"Alikuwa anahesabu. Walioshiba tu. *Huyu kashiba, baba. Huyu bado, mwache.* Alifika ishirini."

"Anajua mpaka ishirini tu."

"Alipofika ishirini akaanza upya. Moja, mbili. Akafika kumi na moja akasinzia."

Daktari, aliyekuwa amesimama kwenye friza, aligeuka ukutani. Thelathini na mmoja. Alikuwa ameihesabu namba hiyo kwa mashine wiki tatu, akairudia mara mbili akidhani amekosea.

"Nyumba ya kumi na mbili," mama alisema. Akapangusa kilichofuata. "Nyumba ya tano."

Mstari. Nne. Saini.

Kikabaki kimoja. Mama alikipangusa, akasoma kimoyomoyo. Baba Mashuka alingoja na kalamu hewani.

"Nyumba ya nne," alisema mama.

Baba Mashuka akaweka kalamu chini. Kile hakikuhitaji mstari. Kati ya vyote kumi na viwili, hicho ndicho alichokiandika sawasawa asubuhi ile.

Mama alikifumbata. Baridi ilimuuma kiganjani, hakukiachia. Daktari alifungua mlango wa friza na kusema, kwa upole, kwamba visikae nje muda mrefu, vikiyeyuka vinaharibika. Mama aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia. Mvuke ulitoka kwenye friza ukatambaa sakafuni mpaka miguuni mwao, na daktari akaendelea kushikilia mlango, na mama akaendelea kufumbata.

"Humu ndani mna wangapi walioshiba?" aliuliza.

"Watatu," alisema Baba Mashuka. "Hao ndio wa mwisho aliowahesabu kabla hajasinzia. Wa tisa, wa kumi, wa kumi na moja."